Kazi ya Mkono Inalipa, Lakini Kaa Rada: Jinsi ya Kuuza Ulichotengeneza na Kufunza Mabeshte Bila Kujiumiza

Angalia mkono wako sai. Kama wewe ni wa Nairobi, kuna uwezekano mkubwa uko na bangili ya shanga, ile ya rangi za bendera, ama umewahi kuwa nayo ikakatika ukiwa kwa mathree. Sasa jiulize swali moja: aliyeitengeneza alipata ngapi?

Hilo swali ndilo tunajibu leo. Kila mtaa siku hizi uko na msee anayefuma kofia, dame anayeshona mikoba ya kitenge, chali anayetengeneza sandali za ngozi, ama mtu wa kuchanganya sabuni ya maji kwa ndoo. Wengi wao ni wa umri wetu. Na wengi wao, manze, wanafanya kazi ya bure na hawajui.

Najua kwa sababu nilikuwa mmoja wao. Nilitoka chuo mwaka wa pili karo ilipokataa kupatikana. Nikarudi mtaani, nikakaa kejani miezi mitatu nikiangalia dari. Aliyeniokoa ni jirani wa mlango wa tatu kwa ploti yetu. Alikuwa akiuza bangili, na siku moja akaniambia, "Wewe kaka, badala ya kukaa hapo ukihesabu mabati, kuja nikuonyeshe hii kitu." Alinifunza kwa jioni nne na hakuniitisha hata shilingi.

Vile nilimlipa ni aibu. Tutafika huko.

Hii mambo haikuanza na TikTok

Kwanza elewa kitu kimoja. Msee kujitengenezea kitu na kukiuza, halafu kufunza wenzake, ndiyo hadithi ya Kenya yote. Tunaita jua kali kwa sababu mafundi wa kwanza walikuwa wanagonga mabati nje, juani, bila kibanda. Mwaka wa 1972, Shirika la Kazi Duniani lilitoa ripoti kuhusu Kenya iliyosema hii sekta isiyo rasmi si ya wazembe, ni ya watu wanaochapa kazi kweli. Miaka ya 1980 ndipo serikali ilianza kuwajengea mafundi wa Kamukunji mabanda ya kuzuia hilo jua.

Na pale Kamukunji fundi hakusomea darasani. Alikaa kando ya fundi mwingine, akashika nyundo, akaharibu vitu, akakemewa, akajua. Vile vile Kariokor, ile soko iliyopata jina kutoka kwa Carrier Corps, Waafrika waliobebeshwa mizigo ya jeshi la Waingereza kwa Vita vya Kwanza vya Dunia. Leo ukiingia Kariokor utapata ngozi, sandali, shanga na viondo, na utapata kijana ameketi kwa kigoda kando ya mzee, macho kwa mikono ya mzee. Hiyo ndiyo shule.

Kwa hivyo ukimfunza beshte yako kufuma, unaendeleza kitu kilichokuwepo kabla ya wewe na mimi kuzaliwa. Tofauti ni kwamba wazee walijua hesabu yao. Sisi tunajua picha safi ya Instagram, lakini hesabu hapana.

Hesabu ambayo hakuna mtu alikuambia

Chukua kalamu. Tutatumia bangili yangu, lakini hata kama wewe ni wa mikoba ama sabuni, hesabu ni ile ile.

Bangili moja ilikuwa inakula shanga za Sh30 na uzi pamoja na kifungo za Sh10. Hapo wengi wanasimama, wanasema, "Inanigharimu Sh40, nauza soo, faida ni Sh60." Uongo.

Nauli ya kwenda tao kununua shanga na kurudi ilikuwa Sh100. Nikinunua shanga za bangili kumi, kila bangili inabeba Sh10 ya nauli. Shanga zingine zinakuja zimevunjika, uzi mwingine unakatika, weka Sh5 ya hasara. Tumefika Sh55. Kwa bangili kumi hiyo ni Sh550.

Sasa mauzo. Niliuza kumi kwa soo, lakini tatu zilienda kwa mabeshte wa "nitakutumia jioni." Hiyo jioni haijafika hadi leo. Nikabaki na Sh700 mkononi. Toa Sh550, imebaki Sh150.

Halafu kuna saa. Mwanzoni bangili moja ilinichukua saa moja na nusu. Kumi ni saa 15. Gawanya Sh150 kwa saa 15.

Ashu kwa saa, msee wangu. Nilikuwa nafanya kazi kwa bob kumi kwa saa, na nilikuwa najiita mfanyabiashara kwa wasifu wangu wa mtandaoni.

Bei unaiweka hivi

Bei ya kitu cha mkono iko na vipande vitatu. Usiruke hata kimoja.

Cha kwanza ni vifaa, pamoja na nauli, karatasi ya kufungia na vile vinavyoharibika. Kwangu ni Sh55.

Cha pili ni saa zako. Amua saa yako ni ngapi, usione haya. Mimi nilisema Sh80. Halafu tafuta njia ya kupunguza saa bila kuharibu kazi. Nilianza kukata nyuzi ishirini kwa mpigo na kupanga shanga kwa vifuniko vya chupa kulingana na rangi, na bangili moja ikashuka hadi saa moja. Hapo nina Sh55 na Sh80, jumla Sh135.

Cha tatu ni faida ya biashara yenyewe, si ya mfuko wako. Hiyo ndiyo itanunua shanga siku mauzo yamelala. Nikaongeza, nikafika Sh200 kwa mtu mmoja mmoja, na Sh170 kwa oda kubwa.

Utasikia, "Haiya, mbona ghali? Kule stendi ni soo." Ni sawa, mwache aende stendi. Huwezi kushindana na anayeuza soo kwa kushuka hadi finje. Shindana naye kwa kitu asichoweza: jina la mtu kwa shanga, saizi ya mkono wake, rangi za timu yake, na kurekebisha bure ikikatika. Watu hulipia kitu kilichotengenezwa kwa ajili yao.

Na deni? Mimi sheria yangu ni moja. Beshte anapata punguzo, hapati deni. Punguzo unajua ni ngapi, deni hujui litaishia wapi.

Utauza wapi na utanunua wapi

Vifaa kwanza. Kariokor kwa ngozi, shanga na mkonge. Eastleigh kwa vitambaa. Gikomba ukiwa na jicho, utapata jinzi na mapazia ya mtumba ambayo yakikatwa yanatoa mkoba mzuri kuliko kitambaa kipya. Ukiweza, nunueni pamoja watu watatu ama wanne, nauli inagawanyika na bei ya jumla inashuka.

Kuuza, usianze na kukodi kibanda. Anza na watu wanaokujua: ploti, kanisa, msikiti, timu ya mpira, kundi la WhatsApp la wale mlimaliza nao sekondari. Maasai Market ni soko linalohama, leo hapa kesho pale, kwa mfano Ijumaa liko Village Market. Lakini kabla hujabeba mzigo, nenda kwanza mikono mitupu. Tembea, uliza bei, ongea na wauzaji, ujue utaratibu wa kupata nafasi. Ukitandaza tu barabarani tao, kanjo hawana urafiki, na mzigo wa wiki mbili unaweza kuingia kwa gari yao kwa dakika mbili.

Mtandaoni, picha ya bangili kwa meza haiuzi kama video ya mikono ikiifunga. Watu wanapenda kuona kitu kikizaliwa. Piga mchana kando ya dirisha, hauhitaji taa.

Pesa ya kazi itenganishe na pesa ya unga. Pochi la Biashara ama Till inasaidia hapo, kwa sababu mwisho wa mwezi unaona kilichoingia bila kuchanganya na ile soo tano mathe amekutumia.

Sasa kufunza: ile hofu tunajifanya hatuna

Hapa ndipo hadithi yangu inakuwa mbaya.

Nilipojua kazi, nilianza kuuza kwa ile ploti ile ile, kwa wateja wale wale wa jirani yangu. Yeye alikuwa anauza Sh150. Mimi, kwa ile hesabu yangu ya uongo, nikauza soo. Wateja wakahamia kwangu. Kwa mwezi mmoja alikuwa ameacha kunisalimia. Ndugu, tulikuwa tunatumia bomba moja la maji! Nilikuwa namwibia wateja ili nipate ashu kwa saa.

Kwa hivyo mimi pia nilipoanza kufunza wengine, nilikuwa na uoga. Nilijua mwanafunzi anaweza kukufanyia nini, kwa sababu mimi ndiye nilikuwa huyo mwanafunzi. Nikafanya ujanja. Kuna kitu jirani alikuwa amenionyesha: ukimaliza fundo, unarudisha uzi ndani ya shanga tatu, halafu unaweka tone la gundi. Bila hiyo, bangili inakaa fiti wiki moja halafu inafunguka. Wasichana wawili niliowafunza niliwaonyesha kila kitu isipokuwa hicho. Nikajiambia, hiyo ni siri ya biashara.

Halafu ikaja oda. Harusi, bangili 120, Sh170 kila moja, siku tisa. Jumla Sh20,400, nusu mbele. Sikuwa naweza peke yangu. Nilisimama kwa mlango wa jirani kama dakika kumi kabla ya kugonga. Akafungua, akanisikiliza nikiomba msamaha, akanyamaza. Mwishowe akasema tu, "Leta shanga."

Tukagawana: yeye 40, mimi 40, na wale wasichana wawili 20 kila mmoja, malipo Sh80 kwa bangili. Siku ya saba tukaanza kukagua kwa kuvuta. Za msichana mmoja zikafunguka moja baada ya nyingine. Kati ya 20, 18 hazikusimama. Yule mwingine alikuwa amegundua mambo ya gundi mwenyewe mtandaoni.

Jirani akaniangalia. "Hukumwonyesha kurudisha uzi?"

Sikuwa na la kusema. Yule msichana alikuwa ameketi hapo, macho chini, akidhani kosa ni lake.

Tulikesha mimi na yeye tukirudia hizo 18. Vifaa vilikula Sh990, nikalipa kutoka kwa mfuko wangu, na saa zangu za huo usiku sikuziitishia pesa. Tulimaliza kwa wakati. Hesabu yangu ya mwisho ndiyo hii: Sh3,200 za bangili zangu 40, na nusu ya faida iliyobaki, Sh2,100. Toa Sh990. Nikabaki na Sh4,310. Kodi ya nyumba ilikuwa Sh4,500. Ile siri yangu ilinigharimu kodi ya mwezi, na lando alinikumbusha kila asubuhi hadi nikapata hiyo Sh190.

Kwa hivyo ukiuliza kama kufunza wenzako kutakuletea washindani, jibu la ukweli ni ndiyo. Usidanganywe na wale wa motisha wanaosema soko halijai. Watu sita kwa ploti moja wakitengeneza bangili moja, bei itaanguka. Lakini kuficha si dawa. Dawa ni makubaliano.

Makubaliano yenyewe ni haya

Moja, ongea bei mapema. Kabla ya somo la kwanza, sema wazi, "Bangili hii mtaani tunauza hivi. Ukishuka chini ya hapa unatuumiza sote." Mweleze na hesabu, aone kwa macho yake kwamba soo ni hasara. Mtu akijua hesabu hashuki ovyo. Mimi nilishuka kwa sababu sikujua.

Mbili, tofautisheni kazi. Mmoja ashike bangili, mwingine hereni, mwingine mikufu ama sandali za shanga. Kastoma akitaka kitu ambacho si chako, unamtuma kwa mwenzako, naye anakutumia wake.

Tatu, funza yote ama usifunze. Kwa oda kubwa, kazi ya mwanafunzi wako inabeba jina lako. Tengenezeni sampuli moja, muivute, muikubali, na kila kitu kilinganishwe nayo kuanzia siku ya kwanza, si siku ya saba.

Nne, malipo yaandikwe. Hata kwa WhatsApp: vipande vingapi, bei ya kipande, vitaletwa lini, kikiharibika nani analipa.

Kufunza kunalipa ngapi?

Hapa kuna habari njema. Baada ya hiyo harusi, mimi na jirani tulianza darasa la Jumamosi. Watu watano, vipindi vitatu vya saa mbili, Sh500 kwa mtu mmoja, vifaa ndani. Hiyo ni Sh2,500. Kila mwanafunzi anatengeneza bangili tatu, kwa hivyo vifaa vya watu watano ni Sh825. Inabaki Sh1,675 kwa saa sita, karibu Sh280 kwa saa. Linganisha na Sh80 ya kufunga shanga.

Lakini usiache kutengeneza ukawa mwalimu tu. Wanafunzi wa mtaa mmoja huisha haraka, na fundi asiyeshika kazi hupoteza mkono.

Ukianza darasa, zingatia haya matatu. Wanafunzi wasizidi watano, ili uone mikono ya kila mmoja. Kila mtu arudi kejani siku ya kwanza akiwa na kitu kilichokamilika, hata kama ni kibaya, kwa sababu hicho ndicho kitamrudisha. Na walipe kitu, hata kama ni nusu. Mtu asiyelipa chochote hukosa kipindi cha pili kwa sababu mvua imenyesha Ngong wakati yeye anaishi Umoja.

Karatasi na sheria, kwa ufupi

Ukitengeneza sabuni, losheni ama chakula, hiyo si bangili. Inagusa ngozi na tumbo za watu. Unahitaji alama ya ubora ya KEBS kabla ya kuiweka sokoni, na usifunze mtu kuchanganya kemikali kama wewe mwenyewe hujafunzwa vizuri. Soda kali inachoma macho.

Kodi ya mauzo ya KRA inahusu biashara inayouza kuanzia zaidi ya Sh1 milioni hadi Sh25 milioni kwa mwaka, na tangu sheria ya fedha ya 2023 ni asilimia 3. Usipuuze, lakini pia usikose kuanza kwa sababu ya kuiogopa.

Ukikopa Hustler Fund, ile iliyozinduliwa Novemba 30, 2022, elewa masharti. Mkopo wa mtu binafsi ulianza na Sh500 hadi Sh50,000, riba ya asilimia 8 kwa mwaka, kulipa ndani ya siku 14, na asilimia 5 inakatwa kwenda akiba yako. Siku 14 ni chache. Kopa ukiwa na oda mkononi, si ukiwa na ndoto.

Na kama umejua kazi bila cheti, NITA hupima mafundi kwa madaraja, kuanzia la tatu kupanda hadi la kwanza. Kama kazi yako iko kwa orodha yao, ushonaji kwa mfano, mtihani unaangalia mikono yako zaidi kuliko daftari. Kwa sisi tuliotoka chuo kabla ya gauni, hiyo si kitu kidogo.

Fanya hivi wiki hii

Chukua kitu kimoja unachotengeneza. Andika vifaa, nauli, saa. Gawanya. Ukiona ni ashu kwa saa usilie, hata mimi nilianzia hapo. Rekebisha bei.

Halafu mkumbuke aliyekufunza. Kama ulimchezea, nenda ugonge mlango. Mimi na jirani yangu sasa tunanunua shanga pamoja, bado ananiita "mwizi wa wateja," na nimekubali hilo jina. Yule msichana wa bangili 18? Juzi nilimpata akimfunza mdogo wake kwa ngazi. Akamaliza fundo, akarudisha uzi ndani ya shanga tatu, akaweka gundi. Halafu akaniangalia kwanza, ndipo akaendelea.